Macho Mekundu Mawili

Picha ilipigwa kwa simu ya shemeji,
usiku, sebuleni kwetu Kariobangi,
taa ikatumulika ghafla.
Sote tulitoka na macho mekundu kama walevi:
mimi, Syombua, Ndinda na kipande chake cha keki.
Kimanthi peke yake, aliyetimiza miaka miwili siku ile,
jicho moja jekundu, jicho moja jeupe,
jeupe kama sarafu mpya chini ya maji.

Tukacheka. "Huyu ana jicho la paka,
ataona hata stima ikipotea."
Picha tukaiweka statasi. Watu wakatuma mioyo.

Mwezi wa tatu jicho likaanza kwenda upande,
likitazama ukuta huku lenzake likinitazama mimi.
Duka la dawa wakatupa matone.
Zahanati wakatupa matone mengine.
Mama mmoja wa plotini akasema tumsake anayetuonea kijicho.
Na jirani wa karakana akasema kwa upole,
upole ndio ulionikata:
"Si ulikuwa unamwacha akikutazama ukichomelea?"

Kweli. Nilimwacha.
Juu ya kreti ya soda, hatua kumi hivi,
akipiga makofi cheche zikiruka.
Mimi na miwani nyeusi, yeye mtupu.
Tangu hapo sikuwasha mashine.
Mageti ya watu yakalala nusunusu, bawaba zikishika kutu,
nami nimeketi nikihesabu cheche za mwaka mzima.

Kenyatta, foleni ilitangulia jua.
Daktari, binti mdogo mwenye sauti iliyokauka,
alimulika jicho mara moja tu, akazima tochi,
akavuta kiti, akaketi.
Hapo nikajua. Daktari mwenye foleni haketi.
Akasema saratani. Nikasema hapana,
hiyo ni ya wazee, ya wavuta sigara,
huyu bado samaki anamwita thamaki.

Nikamwuliza chinichini, Syombua asisikie:
"Ni moto wangu?"
"Si moto wako."
Akairudia polepole, kama amshikaye mtoto mkono kuvuka barabara:
uvimbe huu uliota wenyewe, kwenye pazia la nyuma ya jicho;
si cheche, si kijicho cha mtu, si laana.
Ila mngekuja ile siku ya picha...
Hakuimalizia. Naimalizia mimi kila usiku.

Mashine nikaiuza. Syombua akahamia wodini,
miezi minne akilala ameketi,
paji la uso kwenye ukingo wa kitanda,
mkono juu ya mpira wa dripu, mtoto asije akauvuta.
Ndinda, miaka tisa, akajifunza kusonga ugali.
Usiku mmoja, akikwangua sufuria, akauliza bila kugeuka:
"Baba, nikiugua mimi, mama atakuja kulala na mimi?"
Nilimpokonya sufuria nikaikwangua mwenyewe,
hata ilipokwisha kutakata.

Walilitoa jicho, wakatubakishia mtoto.
Kitanda cha dirishani hawakubakisha.
Yule aliletwa kutoka Busia amechelewa zaidi yetu,
na mama yake alizikunja shuka mwenyewe,
pembe kwa pembe, muuguzi akimsubiri.

Sasa Kimanthi ana jicho la bandia,
la kahawia, limekolea kidogo kuliko lenzake.
Akikasirika hulitoa, hulificha kwenye kiatu changu,
na nyumba nzima tunapiga magoti kulitafuta.
Yeye hucheka mpaka akapaliwa.

Nimekodi mashine ya mtu. Nachomelea tena.
Ukija kuchukua geti lako usinishangae
nikiuliza una mtoto wa umri gani,
nikikuomba umpige picha gizani, taa ya simu ikiwaka,
uniletee niione.
Sitazami nguo. Sitazami tabasamu.
Nikikuta macho mekundu mawili,
nakupunguzia bei.